Asianzishwe na gurudumu kubwa

Shule za chekechea zinapokaribia kufunga mwishoni mwa mwaka, hesabu huanza katika ghorofa za kupanga za mtaa wa Lucky Summer, Nairobi. Nauli ya watu wanne, kwenda na kurudi. Tikiti za michezo. Chipsi, soda, aiskrimu, na ada ya kuchorwa uso uwe simba au kipepeo. Picha nazo, kwa kuwa bila picha ni kama hamkwenda. Mzazi aliyechanga kwenye chama tangu Januari ana haki ya kuwaona wanawe wakicheka siku moja ya Krismasi, na mahali panapotajwa ni pale penye sifa: chini ya lile gurudumu kubwa la Two Rivers, jumba la maduka lililofunguliwa mwaka 2017 kwenye Barabara ya Limuru. Katika hesabu zote hizo, anayesahaulika ni mtoto mwenyewe. Ana miaka miwili, mitatu au minne, na mgeni akibisha hodi nyumbani hukimbilia nyuma ya leso ya mamake. Hoja yangu ni kwamba safari hizi zikiharibika, haziharibiwi na woga wa mtoto. Zinaharibika kwa sababu zilipangwa kwa kimo cha mtu mzima, na kwa sababu mtoto wa Lucky Summer anatakiwa kuruka kutoka kwenye koridoo ya ghorofa hadi kwenye gurudumu kubwa bila kupewa ngazi yoyote ya katikati.

Tuanze na woga wenyewe, kwa maana unasingiziwa mengi. Si malezi mabaya, wala si damu ya upande wa baba kama mashangazi wa upande wa mama wanavyopenda kusema. Mwaka 1956 madaktari wawili wa New York, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza kufuatilia kundi la watoto tangu uchanga, na wakaendelea nao kwa miaka mingi. Karibu asilimia 15 walikuwa wa aina ambayo wao waliiita ya kuchelewa kuzoea: mtoto hakatai kitu kipya kwa fujo, ila hujitenga kwanza, hutazama, na husogea polepole akiachwa asogee. Miongo kadhaa baadaye Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapima watoto wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti ngeni. Takribani mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu na kuangua kilio, na watoto wa kundi hilo ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa waoga mbele ya watu na vitu vipya walipofika umri wa kutembea. Kwa hesabu ya mtaani, ploti yenye watoto kumi wa chekechea huenda ikawa na mmoja au wawili wa namna hiyo. Juu ya hayo kuna woga wa umri, ambao humpata hata mtoto jasiri. Mtoto wa miaka mitatu bado hajatenganisha vizuri kilicho kweli na kilicho mchezo. Anapokutana na mtu aliyevaa kichwa kikubwa cha sungura, haoni kijana anayetafuta riziki ndani ya vazi la joto. Anaona sungura mkubwa kuliko baba, na tena sungura huyo anataka kumkumbatia.

Kuna watakaocheka hapo. Mtoto wa mitaa hii, watasema, amezaliwa kwenye kelele za matatu, mahubiri ya usiku kwa kipaza sauti na mashine za kuchomelea vyuma. Ataogopaje muziki wa bembea? Hoja hii ina mantiki ya juujuu tu. Kelele za nyumbani mtoto anazijua zinakotoka na zinakoishia. Honi ya matatu haimfuati kitandani, na aliposhtuka mara ya kwanza alikuwa ameshikwa mgongoni. Kule kwenye uwanja wa michezo kila kitu ni kipya kwa wakati mmoja: sauti, taa, umati, harufu ya popukoni, mashine inayopanda na kushuka ikiwa imebeba watu wanaopiga mayowe. Mtu mzima anajua kwamba yale ni mayowe ya furaha, lakini hakuna aliyemweleza mtoto. Kimo nacho kina neno lake. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa kawaida wa miaka mitatu ana urefu wa takriban sentimita 96, na msichana 95. Katika umati wa Krismasi, kimo hicho kinaona viuno na mikoba ya watu, na kwa mbali chuma kikubwa kinachozunguka angani. Bustani nyingi za burudani duniani zina michezo isiyomruhusu mtoto ambaye hajafika kimo fulani, na wa kimo hiki huachwa chini akitazama. Kwa hiyo mara nyingi tunamlipia kiingilio mtu ambaye michezo mikubwa haikutengenezwa kwa ajili yake.

Halafu kuna njia. Kutoka Lucky Summer hadi Barabara ya Limuru kwa usafiri wa umma ni kuingia mjini kwanza, kushuka, kutafuta steji nyingine na kupanda tena, isipokuwa kama mna uwezo wa teksi. Desemba foleni haina adabu. Familia iliyotoka saa tatu inaweza kufika karibu na saa sita, yaani saa ileile ambayo mtoto wa miaka miwili hulala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apate saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Mzazi humtoa mwanawe kwenye usingizi wake, humwingiza kwenye jua la saa saba, humpa soda badala ya chakula, kisha hushangaa mtoto anapojilaza chini akilia mbele ya mashine na kukataa kuinuka. Kilio hicho huitwa utundu, au woga. Mara nyingi ni uchovu.

La kushangaza ni kwamba Nairobi inaijua vizuri sana kanuni ya kutomchosha wala kumtisha mdogo, ila imeiweka kwa tembo. Kituo cha ndama yatima cha Sheldrick, kilicho ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, hupokea umma kwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi huombwa mapema. Wageni husimama nyuma ya kamba. Ndama wananywa maziwa, wanacheza kwenye matope, walezi wao wakiwa hatua chache kutoka walipo. Saa ikiisha wanarudishwa vichakani. Hakuna anayesema tembo hao wanadekezwa. Inaeleweka kwamba kiumbe mdogo aliyejaa hofu hawezi kukabidhiwa kwa umati siku nzima. Mwanadamu wa miaka mitatu, aliyelipiwa tikiti, tunamtaka avumilie kuanzia asubuhi hadi magharibi.

Safari ya mtoto mwoga ipangwe basi kama ngazi, na vidato vya chini vya ngazi hiyo viko karibu kuliko tunavyodhani. Ukitoka Lucky Summer kwenda mjini, Makumbusho ya Taifa hayako mbali na Ngara. Uani pake amesimama Ahmed, sanamu ya tembo wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Kwa mtoto mwoga huyo ni mnyama bora wa kuanzia: ni mkubwa kweli, lakini hatikisiki wala hapigi kelele, na mtoto anaweza kumzunguka kwa mbali mara tano kabla ya kuamua kumkaribia. Karibu na mzunguko wa Globe kuna Bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi, iliyobeba jina la waziri wa mazingira aliyesimamia usafishaji wa mto huo. Msitu wa Karura nao, ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999, una njia za kutembea ambako kelele kubwa huenda ikawa ya kima. Baada ya safari mbili tatu za namna hii, za nusu siku, ndipo bembea ndogo ya kuzunguka inapofuata, ikiwezekana siku ya wiki ambayo si sikukuu. Mfike mapema. Mkae pembeni kwanza mtazame watoto wengine wakipanda na, muhimu zaidi, wakishuka wakiwa wazima. Mtoto achague mwenyewe farasi au gari, apande akiwa na mzazi, na akisema basi, iwe basi kweli. Nambari ya simu ya mzazi iandikwe kwenye mkono wake kwa kalamu isiyofutika upesi, asije akapotea. Gurudumu kubwa litabaki pale pale, halihami.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaoogopa kulea mayai. Samaki mkunje angali mbichi, watasema. Ukimwachia mtoto woga wake leo, kesho ataogopa mtihani, keshokutwa ataogopa kazi. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu upande mmoja wa hoja hii ni wa kweli na utafiti unauunga mkono. Kagan na wenzake walipoendelea kuwafuatilia wale watoto wepesi wa kushtuka, waliona kwamba waliokingwa na kila kitu kipya ndio walioelekea kubaki na woga, ilhali waliotakiwa kwa upole kujaribu walilegea kadiri walivyokua. Kwa hiyo sisemi mtoto mwoga aachwe nyumbani. Kumwacha nyumbani ni kumthibitishia kwamba dunia inatisha. Lakini kumkunja samaki ni jambo moja, kumvunja ni jambo jingine. Mtoto anayefungwa mkanda kwenye kiti huku akipiga mayowe, baba akimwambia mwanaume halii na mjomba akirekodi kwa simu ili ukoo mzima ucheke, hajifunzi ujasiri. Anajifunza kwamba akisema anaogopa, watu wanaompenda hawatamsikiliza. Somo hilo ndilo atakalokwenda nalo shuleni, na nadhani ni ghali kuliko tikiti.

Kuhusu tikiti, najua fedha si mchezo, na mzazi aliyelipa ana uchungu wa kuona mchezo haukupandwa. Ndiyo maana safari nyingi ndogo zinamfaa maskini kuliko safari moja kubwa: kila moja ina hasara ndogo ikishindikana. Ndugu wakubwa nao wana haki yao. Hapo watu wazima wagawane, mmoja apande na wa miaka tisa, mwingine akae kivulini na mdogo. Na kama mzazi ni mmoja tu, shangazi au jirani aombwe mapema, kama tunavyoombana kwa mengine yote katika ploti. Wapo pia wanaosema mtoto wa umri huu hatakumbuka chochote, kwa hiyo vyovyote itakavyokuwa ni sawa. Ni kweli wengi wetu hatukumbuki yaliyotupata kabla ya miaka mitatu. Lakini hoja hiyo inamgeukia mwenyewe. Kama mtoto hatakumbuka gurudumu, basi hakuna sababu ya kulilazimisha leo, na kinachobaki cha thamani ni hali yake ya leo: amecheka, amekula, amelala mgongoni njiani kurudi.

Siwezi kuwaacha wazazi wabebe lawama yote, kwa kuwa ngazi ninayoisema ilipaswa kuanzia mlangoni pao. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ulijengwa nyumba zikizunguka viwanja vya wazi, na mtoto aliweza kukua akitazamwa kutoka dirishani. Mitaa iliyoinuliwa baadaye na wenye ploti binafsi ilijaza ghorofa kila futi iliyolipa kodi, na mtoto akabakiwa na koridoo, ngazi na ukingo wa barabara. Bembea ya umma ni adimu, hivyo kwa wengi bembea ya kwanza maishani ni ile ya kulipiwa, katikati ya umati, mbali na nyumbani. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinataja haki ya kucheza pamoja na ile ya kupumzika. Wenye viwanja vya burudani wanaweza kusaidia kwa mambo mepesi: kuruhusu mzazi na mtoto waone mchezo kabla ya kulipa, kutomtoza mtu mzima anayekaa karibu na mtoto bila kucheza, na kupunguza muziki asubuhi. Kuhusu mtaa wenyewe, Lucky Summer ni wodi ya eneobunge la Ruaraka, yenye mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti ya Nairobi. Bembea mbili, mtelezo mmoja na mti wa kivuli ni ombi dogo la kumpelekea kabla ya Desemba.