PICHA ZA WATU TUSIOWAJUA

Nataka kutoa maoni yangu juu ya picha za zamani zilizopigwa njiani bila wenyewe kujua.

Wenzangu wengi hawazipendi. Husema kuwa picha halisi ni ya studio: mtu amevaa koti, amesimama wima, anatazama kamera. Mimi sikubali. Nyumbani Hamukungu, kando ya Ziwa George, tunayo picha ya babu ya namna hiyo, na koti lile aliliazima. Lakini iko ya pili, aliyoipiga mpita njia mwaloni: babu anashona wavu, na nyuma yake mama mmoja amejitwika samaki, anacheka. Mama huyo hatumjui. Hata hivyo wageni huitazama sana picha hiyo, kwa kuwa watu waliomo hawakujipamba, wanaishi.

Tena si kwetu tu. Huko Chicago, Marekani, yaya mmoja aitwaye Vivian Maier alipiga picha zaidi ya 100,000, nyingi za watu barabarani, akazificha. Zilianza kujulikana baada ya kuuzwa mnadani mwaka 2007. Na mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, mjini Kampala, lilionyesha picha za siku za Idi Amin, zilizochaguliwa katika negativu kama 70,000 za wapiga picha wa serikali. Amin twamjua, je, wale waliosimama katika umati ni nani?

Mtu ataniuliza, "Ni adabu kumpiga mtu picha bila ruhusa?" Swali hili latugusa sisi, maana kijiji chetu kimo ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na watalii hutupiga picha wakiwa ndani ya magari. Mimi mwenyewe nimekasirika mara nyingi. Lakini naona ubaya mkubwa si picha, bali ni kusahau jina. Mtu aliyepigwa picha asiulizwe jina lake amefanywa sawa na kiboko wa ziwani.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, likizo hii tuzitoe picha masandukuni, tuwaulize wazee, "Huyu ni nani?" Tuandike majina nyuma kwa kalamu ya risasi. Tusingoje. Babu alifariki mwaka jana, na mimi sikumwuliza yule mama aliyekuwa akicheka alikuwa nani.