Mwenye Duka Naye ni Mwajiri

Tembea Kongowea, Marikiti ama Majengo uone ni nani anawapa vijana wetu kazi. Ni duka la nguo, mkahawa, kinyozi, kibanda cha M-Pesa. Na wengi wao wameandikwa kazi kwa mdomo tu: "Njoo kesho uanze." Siku wakikosana, inakuwa vile vile: "Kesho usije."

Wenye biashara wengi hudhani sheria ya kazi ni ya mahoteli na makampuni makubwa. Si kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamhusu hata mwenye mfanyakazi mmoja, na Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini.

Sheria yasemaje? Kazi ya miezi 3 au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na mwenye kuuandaa ni mwajiri. Kibarua wa kulipwa kwa siku, akifanya kazi mfululizo hadi siku zikatimia mwezi, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Na kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, umsikilize, naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini pale. Hata kama unamshuku kwa wizi.

Ukiruka hatua hizo, mahakama inaweza kukuamuru umlipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kwa anayelipwa shilingi 15,000, hiyo inaweza kufika 180,000, kabla hujahesabu notisi na likizo ambayo hakupewa. Duka ngapi za mtaani zinaweza kustahimili pigo hilo? Na ukiwa huna karatasi, ni wewe mwajiri utakayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Tunajua hali ni ngumu. Kuna kodi ya duka, leseni ya kaunti, NSSF, na ushuru wa nyumba ambapo mwajiri anaongeza asilimia 1.5 juu ya ile ya mfanyakazi. Serikali ni hodari wa kukusanya, lakini kufundisha haionekani. Afisa wa leba aende sokoni, si kungoja kesi ofisini. Kaunti nayo, inapotoa leseni, impe mfanyabiashara maelezo ya sheria hii kwa Kiswahili chepesi.

Lakini tusingoje serikali. Ndugu mwenye biashara, chukua karatasi wiki hii. Andika jina la mfanyakazi, kazi yake, mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko, likizo ya siku 21 kwa mwaka na notisi. Wekeni sahihi nyote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Akikosea, mwandikie onyo, usimpigie kelele mbele ya wateja.

Nawe kijana uliyeajiriwa, weka jumbe za M-Pesa za mshahara wako. Huo ni ushahidi. Ukifutwa bila kusikilizwa, nenda ofisi ya leba mapema. Kesi ya kazi ina muda wake, miaka 3 tu.

Kuaminiana ni kuzuri. Kukiandikwa, hakuna wa kudhulumu wala wa kudhulumiwa.