Tuwapime Ng'ombe Wetu wa Asili Kabla ya Kuwachanganya

Askari aliyewahi kutumikia Karamoja anaifahamu kazi inayomngoja pindi ng'ombe walioporwa wanaporudishwa kambini. Wenyeji hukusanyika, kila mmoja akidai mali yake, na alama za moto au za masikioni ndizo zinazosaidia kumpata mwenyewe. Leo tunataka kuzungumza juu ya upotevu wa namna nyingine, usioandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo chochote cha polisi: kupotea kwa aina zenyewe za ng'ombe wa asili.

Wengi miongoni mwa ndugu zetu wa jeshi na polisi hununua ng'ombe kwa akiba zao wakijiandaa kustaafu. Katika nchi ya Ankole na kwingineko imekuwa desturi kumpandisha jike wa pembe ndefu kwa fahali wa Friesian. Ndama wa kwanza akikua humfurahisha mwenyewe kwa maziwa. Mchanganyo ukiendelea kizazi baada ya kizazi, zizi hubaki na ng'ombe wanaodai majani mengi, maji ya karibu na dawa ya kupe bila kukosa, na yule aliyestahimili kiangazi hayupo tena. Hatumlaumu mtu kwa kutafuta maziwa. Tunalolaumu ni kuchanganya bila kujua kinachochanganywa.

Kujua huanza na utepe wa kupimia. Mwaka 2008 watafiti walitoa matokeo ya kuwapima ng'ombe 439 wa Ankole, wa makundi 11 kutoka Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Kongo. Walichukua vipimo 21 vya mwili. Tofauti kubwa baina ya eneo na eneo zilionekana katika urefu wa paja, urefu na unene wa pembe, kimo cha nyonga, urefu wa kiwiliwili na mzingo wa mguu wa mbele. Uchunguzi wa vinasaba, kwa upande wake, ulionyesha kuwa asilimia 2.7 tu ya tofauti zote ndiyo iliyo baina ya makundi. Wapo watakaosema kwamba basi utepe hauna maana. Sisi twaonelea kinyume. Ni kweli mwili hubeba pia athari za malisho na nchi, hivyo utepe peke yake hauwezi kukata shauri. Lakini hutuonyesha ni kundi gani lichunguzwe damu kwanza, na ni ng'ombe wangapi waliobaki na umbo la asili.

Kazi hiyo haitaki shahada, inataka nidhamu, jambo ambalo wasomaji wetu hawahitaji kufundishwa. Ng'ombe asimame mahali tambarare, miguu yote minne sawasawa. Mtu yule yule apime kundi zima. Wapimwe wakubwa tu, umri ukikaguliwa menoni. Majike na madume waandikwe mbalimbali, na wenye mimba waachwe. Mzingo wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, hukadiria uzito pasipo na mizani, lakini hupungua wakati wa kiangazi na kurudi mvua zikinyesha. Mfupa haupungui. Ndiyo sababu anayetafuta aina ya ng'ombe hutegemea zaidi kimo, miguu na pembe, wala hadanganywi na unono wa ng'ombe wa bwana mkubwa.

Sheria ya Uzalishaji wa Wanyama ya mwaka 2001 iliunda kituo cha taifa cha vinasaba vya mifugo, kilichoko Entebbe, na shamba lake la Nshaara huwahifadhi ng'ombe wa Ankole. Shamba hilo haliwezi kubeba mzigo wote. Tunawaomba wakuu wa vikosi vyenye mifugo, pamoja na maafande waliostaafu, wawapime majike wao wa asili kabla fahali wa kigeni hajafunguliwa zizini, na nakala ya vipimo ipelekwe kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Nao walioko Karamoja, wanapowarudisha ng'ombe wenye nundu kwa wenyewe, wawaombe ruhusa ya kuwapima wachache kabla hawajaondoka. Utepe mmoja na daftari moja hutosha kituo kizima.