Kabla ya jukwaa, tumpe daftari

Jioni moja mwezi Machi mwaka huu, siku chache kabla ya msimu wa omena, dagaa wetu wa ziwani, kufungwa, tulikusanyika chini ya banda la ufuo wetu mdogo huku Nyatike, kaunti ya Migori, kusikiliza hesabu za chama. Mweka hazina wetu ni msichana wa miaka 26 anayeuza omena kwa gorogoro. Hajulikani kwa maneno mengi. Alisimama, akamulika daftari kwa tochi ya simu, akasoma mstari kwa mstari: nani amelipa, nani amekopa, nani amechelewa. Jina lake mwenyewe lilikuwa miongoni mwa waliochelewa, akalisoma kwa sauti ileile. Alipofika mwisho akasema, "Kuna shilingi 340 ambazo sina risiti yake. Nilinunua kamba ya kufungia magunia, karatasi ikapotea. Kwa kuwa siwezi kuwaonyesha, nimezirudisha." Akaziweka mezani.

Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Nyathina, kamba tumeiona. Chukua pesa zako."

"Jaduong', kamba mmeiona leo," akajibu. "Mwaka kesho daftari hili litashikwa na mtu mwingine. Atapoteza risiti ya shilingi elfu 34, na atasema hata yule wa kwanza alisamehewa."

Watu wakanyamaza. Mzee akatikisa kichwa kukubali, na mkutano ukaendelea.

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 34, kwanza Homa Bay nilikozaliwa, kisha Migori nilikoolewa, na nikastaafu mwaka jana. Huku bado wananiita Nyar Kendu, binti wa Kendu Bay, ingawa nywele zimeshakuwa nyeupe nikiwa kwao. Katika miaka hiyo nimeteua viranja wasiohesabika, nimekaa katika kamati na nimepiga kura kila uchaguzi. Jioni ile nilijua nimemwona kiongozi, na nikajiuliza ni wangapi kama yeye wanatupita kila siku kwa sababu macho yetu yako kwingine.

Macho yetu yako juu. Tangu Raila Odinga alipotutoka, Oktoba 15, 2025, swali moja linazunguka kwenye mashua, kwenye matatu za Rongo na kwenye hema za matanga: sasa ni nani? Nalielewa swali hilo, kwa maana ni swali la msiba. Mtu aliyebeba matumaini ya watu kwa miongo mingi hawezi kuondoka bila kuacha pengo. Lakini tunauliza habari za kiti kimoja ilhali vilivyo wazi ni vingi. Agosti 10, 2027 tutarudi vituoni. Kaunti zetu mbili, Migori na Homa Bay, zina maeneo bunge 16 na wadi 80. Chini ya wadi kuna kamati za fuo, yaani BMU, kuna bodi za shule, kuna vikundi vya wakulima wa miwa Awendo, kuna vyama vya akina mama kila kijiji. Kwa miaka mingi viti vya juu tumevijaza kwa mtindo wa suti, chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wadi, bila kumtazama aliyevaa. Vile vya chini tumemwachia yeyote aliyejitokeza. Kisha tunashangaa viongozi wetu walilelewa wapi.

Nasema haya nikiwa nimekosea mwenyewe. Miaka kumi hivi iliyopita, chama kimoja cha akina mama nilichokuwamo kilihitaji mwenyekiti, na mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kumchagua mama mmoja hodari wa kusema. Akisimama kwenye harambee, watu waliacha kula wakamsikiliza. Kwa miaka miwili hatukusomewa hesabu hata mara moja. Kila tulipouliza zilipo pesa, alitujibu kwa swali: "Kwani hamniamini?" Nasi, kwa aibu, tukanyamaza. Karo za watoto zilikwenda na kimya hicho.

Nimelitafakari jibu lake mara nyingi. Tulikuwa tumeuliza juu ya pesa, akatujibu juu ya heshima yake. Aliligeuza swali la hesabu likawa tusi, na tangu siku hiyo sina kipimo cha haraka kuliko hicho. Ukitaka kumjua mtu unayetaka kumpa madaraka, mwulize swali dogo mbele ya watu kuhusu kitu alichokabidhiwa. Mmoja atafungua daftari. Mwingine atafungua kinywa.

Kusema vizuri ni kipaji, na kiongozi asiyeweza kuwaeleza watu wake wanakoelekea atawapoteza. Ila jukwaa huonyesha sehemu moja tu ya mtu, tena ile aliyoifanyia mazoezi. Sehemu nyingine hukaa mahali ambapo hakuna anayepiga makofi.

Mfano wa hilo ni Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, upande wa Homa Bay. Nilipowapeleka wanafunzi huko, kwanza waliuliza juu ya kifo chake, risasi za Julai 5, 1969 jijini Nairobi, akiwa na miaka 38. Niliwarudisha nyuma, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa mkaguzi wa afya katika halmashauri ya jiji la Nairobi. Ilikuwa ajira ya kawaida tu. Pale aliwakuta wafanyakazi wenzake hawana wa kuwasemea, na mwaka 1953 akaanzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Anayejua vyama vya wafanyakazi anajua kazi yake ilivyo: kuandikisha wanachama mmoja mmoja, kukusanya ada, kuandika barua, kujua mshahara wa kila cheo ili mwajiri asikudanganye. Mboya alishafanya kazi hiyo kabla ya kuingia katika mgogoro wa wafanyakazi wa bandari ya Mombasa mwaka 1955 kutafuta suluhu, na kabla ya ndege ya mwaka 1959 kuwabeba wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani. Ulimwengu ulimfahamu kwa ndege ile. Wafanyakazi wa jiji walishamfahamu kwa daftari la ada.

Kwetu Karachuonyo tulikuwa na Phoebe Asiyo. Nilikuwa na miaka 14 alipochaguliwa mbunge mwaka 1979, na namkumbuka mama yangu akirudi kutoka kituoni, akakaa chini bila kuvua leso ya kichwani, akasema, "Leo nimempigia kura mtu anayejua bei ya chumvi." Asiyo hakuanzia siasa. Alikuwa miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kushika vyeo vya juu katika Idara ya Magereza, na Mwafrika wa kwanza kuongoza shirika la Maendeleo ya Wanawake. Kwa hiyo alipoomba kura, watu hawakulazimika kukisia. Mwaka 1997 alipeleka bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi za uongozi, ikaangushwa. Hakuiacha. Alikuwa mmoja wa makamishna wa tume iliyorekebisha katiba, na Katiba ya 2010 ikaja na kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika viti vya umma. Miaka 25 baada ya hoja ile kushindwa, mwaka 2022, Homa Bay ikamchagua Gladys Wanga, gavana wake wa kwanza mwanamke. Asiyo aliyaona hayo kabla ya kufariki Julai 2025. Kuna uongozi ambao hupimwa kwa kilichobaki kimesimama baada ya mwenyewe kuketi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kiongozi huzaliwa. Nimelea watoto wa watu tangu mwaka 1991, na sijaona hata mmoja aliyefika darasani akiwa ameiva. Wapo waliokuja na sauti kubwa, wapo waliokuja na haya. Tofauti ilianzia pale walipokabidhiwa kitu. Katika shule yangu ya mwisho tuliwapa wanafunzi daftari la chakula cha mchana. Kila wiki watoto wawili walipima mahindi na maharagwe yaliyotoka ghalani, wakaandika, na Ijumaa wakasoma mbele ya shule nzima. Wiki iliyofuata waliwafundisha wawili wengine. Mvulana mmoja mwenye kigugumizi alituambia siku yake kwamba kilo mbili za maharagwe zimepungua na hajui zimekwenda wapi. Alihangaika kulitoa neno hilo, lakini alilitoa, na walimu tuliokuwa na funguo za ghala tukalazimika kutazamana. Mwaka uliofuata wenzake walimchagua kiranja mkuu. Hawakuhitaji ushauri wangu.

Wazee wetu walilijua hili. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, ambamo watoto walilala, wakasikia hadithi, wakafundishwa kumgawia mwenzao chakula na kunyamaza mkubwa akisema. Majirani zetu Wakuria wana iritongo, baraza la wazi ambamo shauri la ng'ombe walioibwa huzungumzwa mbele ya jamii nzima, na kijana aliyekaa pembeni hujifunza namna ya kuamua bila kupendelea ukoo wake. Tumeziacha nyingi katika shule hizo na hatujajenga nyingine. Samaki mkunje angali mbichi: wanaokausha mumi kwa moshi huku ziwani hawahitaji kufafanuliwa methali hii, maana humkunja mkia ukakutana na kichwa akiwa bado laini. Ukingoja akauke, utamvunja.

Ufuo wa ziwa ungeweza kuwa siwindhe yetu mpya. Kanuni za mwaka 2007 zilizipa BMU msingi wa kisheria, na katika kamati zake wenye mashua huketi pamoja na mabaria wanaovua na akina mama wanaouza. Hakuna darasa la uongozi gumu kuliko hilo, kwa sababu kila uamuzi unamgusa jirani. Kuanzia Aprili hadi Julai omena hawavuliwi ili wazaliane. Ni miezi minne ya njaa kwa nyumba nyingi, na mwenyekiti ndiye anayepaswa kumwambia binamu yake asitoke usiku. Wetu wa sasa hakuhubiri. Machi 31 mashua ya kwanza kuvutwa nchi kavu ilikuwa yake, na nyavu zake akazikunja mchana, watu wakiona. Nyingine zikafuata.

Napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti ya kaunti. Kwanza, kila kikundi, kiwe cha kanisa, cha boda boda au cha miwa, kisome hesabu zake kwa sauti kila mwezi, na swali lolote lijibiwe palepale. Pili, kila mwenye cheo awe na mwanafunzi wa cheo hicho: mweka hazina akae na kijana anayeandika naye, katibu akae na msichana anayejifunza kuandika kumbukumbu za mkutano. Tatu, kila cheo kiwe na mwisho. Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama kwake si mbali na mpaka wetu wa Isebania, aliachia urais mwaka 1985 kwa hiari na akaishi kumwona mwingine akiushika. Ikiwa nchi nzima iliweza, kikundi cha watu 30 kitashindwaje?

Na tuhudhurie vikao vya bajeti ya kaunti. Katiba yetu, katika Sura ya Sita, inasema madaraka ni amana, na kwamba aliyepewa amepewa jukumu la kuwatumikia watu wala si uwezo wa kuwatawala. Amana ina mwenyewe. Mwenyewe asipokuja kuulizia, mshikaji huanza kuiita mali yake.

Karibu na Macalder, hapa Nyatike, ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Zina umri wa karne tano hivi, na mahali pengine zinapita mita nne kwa urefu. Hakuna udongo wala saruji iliyozishika. Upande wa nje una safu ya mawe, upande wa ndani una safu nyingine, na katikati yamejazwa mawe madogo yanayozifunga safu hizo mbili pamoja. Jamii moja ilihama, nyingine ikaingia, na kila iliyoingia ilirekebisha palipobomoka. Mtalii hupiga picha mawe makubwa. Fundi anajua kwamba ukiyatoa yale madogo, ukuta wote utalala chini.

Mwaka kesho wagombea watafika ufuoni kwetu na vipaza sauti. Tutawapokea kwa heshima, kama ilivyo desturi, na tutawapa viti. Mimi nitainua mkono mapema, na safari hii nitakuwa na swali: kabla ya leo, uliwahi kushika nini cha watu, na ni nani aliyekikagua? Nitangoja jibu nikiwa nimesimama, kando ya msichana mwenye daftari na kijana baria ambaye siku hizi anafundishwa naye kuchora mistari ya daftari hilo.