NASAHA KWA NYUMBA ZETU: MTIHANI, CHANJO NA MLANGO WA MAHAKAMA



Wazazi wa Mbagala, Tandika na Mwananyamala huuliza: maradhi yakienea, na mtihani umewadia, lipi litangulie? Na mnyonge asiyeridhika na amri ya wakubwa aende wapi? Swali hili lina uzito. Cheti cha mtoto aliyesomeshwa kwa vitumbua vya mama yake ni tumaini la nyumba nzima. Lakini cheti hakimfai aliye kaburini.

Tukumbuke yaliyopita. Shule za Tanzania zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya Korona. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wakaanza mtihani tarehe 29 Juni, na hapakuwa bado na chanjo iliyothibitishwa. Rais Samia Suluhu Hassan alipoizindua kwetu tarehe 28 Julai 2021, ilikuwa ya wenye miaka 18 na zaidi. Basi wanafunzi wetu walio wengi hawakuwamo.

Huko India, mwaka 2021, watu walikwenda mahakamani kwa niaba ya wanafunzi. Wako waliotaka mitihani ifutwe, na wako waliotaka vijana wachanjwe kwanza ndipo waketi chumba kimoja. Lakini wachanjwe kwa chanjo gani, hali ya kuwa walio chini ya miaka 18 walikuwa hawajaruhusiwa? Tarehe 1 Juni serikali iliufuta mtihani mkuu wa darasa la 12, na tarehe 17 Juni Mahakama ya Juu ikakubali alama zitokane na kazi ya madarasa ya 10, 11 na 12. Jimbo la Andhra Pradesh lilishikilia mtihani wake. Mahakama ikalionya kwamba akifa hata mtoto mmoja, jimbo litabebeshwa fidia. Tarehe 24 Juni likaufuta. Ama Kerala, mtihani wake ulisimamishwa tarehe 3 Septemba, na jimbo lilipoeleza hadhari zake ukaruhusiwa tarehe 17. Twaona basi kwamba hakimu hapimi kelele, hupima hoja.

Kenya mambo yalikuwa kinyume. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa asiyechanjwa atanyimwa huduma zake; tarehe 14 Desemba Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Mlango ni ule ule: huingia aombaye kinga, huingia na akataaye kulazimishwa.

Je, kwetu? Ibara ya 26(2) ya Katiba yampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, aliifungua njia ya kudai kwa manufaa ya umma. Lakini sheria ilibadilishwa mwaka 2020, ikamtaka mdai wa haki za msingi aape na kuonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyoguswa. Hata hivyo mzazi asingoje mtu wa mbali amsemee mwanawe.

Ndugu zangu, mahakama ni mlango wa mwisho. Kwanza hudhurieni mkutano wa wazazi. Ulizeni: chanjo gani, kwa umri gani, madhara yake nini, na asiyechanjwa atafanyaje mtihani? Andikeni, mbaki na nakala. Kadi ya kliniki ihifadhiwe pamoja na vyeti.

Wala mtu asisingizie dini. Mtume (s.a.w.) alitukataza kuingia mji wenye tauni na kuukimbia tukiwamo, hiyo ni hadhari. Na Hija ya mwaka 2021 iliruhusiwa kwa watu 60,000 tu walioko Saudi Arabia, nao sharti wawe wamechanjwa. Kuuliza si uasi, na kujikinga si upungufu wa imani. Mzazi anyamazaye mkutanoni kisha akalalamika barazani, hakumsaidia mwanawe.

Wabillahi tawfiq.