Kabla ya vumbi la Kongo, pima sukari
Mume akianza kushindwa tendo la ndoa, maneno huanza chumbani. Mke anahisi kuna nyumba ndogo, mume anakwenda kimyakimya kutafuta vumbi la Kongo. Kisukari hakitajwi.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Uume husimama kwa kujaa damu, na mishipa yake ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huweza kuathirika mapema. Ndiyo maana tatizo hili wakati mwingine hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa.

Daktari atauliza swali ambalo wengi hulionea aibu: asubuhi unaamka uume umesimama? Mjibu ukweli. Jibu lako humsaidia kutofautisha msongo wa mawazo na ugonjwa wa mwili. Kisha atapima presha, mafuta kwenye damu, homoni ya testosteroni (damu yake hutolewa asubuhi) na sukari. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7, kwa kawaida kipimo hurudiwa ili kuthibitisha kisukari.

Mtajie pia dawa unazotumia. Baadhi ya dawa za presha huchangia, lakini usiziache mwenyewe. Yeye anaweza kukubadilishia.