BEI YA PETROLI IKO KWENYE KALAMU, HAIKO TURKANA

*Taarifa ya Kamati ya Tawi, Changamwe, kwa wanachama wote*



Tangu mkutano wa hadhara wa juzi, simu zetu zimejaa sauti zinazozungushwa kutoka kundi moja hadi jingine. Ujumbe ni ule ule: tuvumilie kidogo tu, mafuta ya Turkana yakianza kutoka bei ya petroli itashuka, kwa hiyo Rais amekwisha maliza kazi na anayeuliza swali anapinga maendeleo. Wengine wanaozituma sauti hizo ni wanachama wetu wenyewe, watu wazuri, wenye tuktuk na pikipiki, wanaotamani iwe kweli. Kamati imekaa ikaona haifai kunyamaza. Tunajibu.

*Mafuta ya Turkana hayatashusha bei ya lita moja hapa Changamwe.* Anayewaambia vinginevyo ama hajui mafuta yanavyofanya kazi, ama anajua na anawahesabu nyinyi kuwa hamjui.

Hadithi hii si ngeni. Machi 2012, Rais Kibaki alitangazia nchi kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, Turkana. Tukashangilia. Juni 2018, Rais Uhuru alikwenda Turkana akazindua malori ya kwanza ya kubeba mafuta ghafi. Hata mwezi haukuisha, wenyeji wakayazuia malori barabarani wakidai usalama na kazi, yakasimama kwa wiki kadhaa. Agosti 2019, Uhuru huyo huyo alisimama hapa bandarini Mombasa kuaga meli ya kwanza. Mafuta yale yaliuzwa kwa dola milioni 12, yakaenda zake. Mwaka uliofuata malori yakasimama. Sasa ni Rais wa tatu na wimbo ni ule ule, ila safari hii umetiwa beti jipya la bei ya petroli.

Watu wa Changamwe hatuhitaji kuhadithiwa. Malori yale yalikuwa yanashusha hapa hapa, kwenye matangi ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama mafuta ya nazi alfajiri ya kusi, ndiyo maana yalisafirishwa katika matangi yanayotunza joto na kuhifadhiwa kwenye matangi yanayopashwa moto. Na yalipofika hayakusafishwa, kwa kuwa kiwanda kiliacha kusafisha mafuta ghafi tangu Septemba 2013. Yalingoja meli tu. Yaani petroli tuliyotia kwenye tuktuk mwaka ule ilitoka ng'ambo, huku mafuta ghafi ya nchi yetu yakitupita mlangoni kwenda ng'ambo.

Kuna wanaosema basi kiwanda kifufuliwe. Tawi hili ndilo la kwanza kutamani hivyo. Baba zetu walifanya kazi pale, na nyumba nyingi za Changamwe na Chaani zilijengwa kwa mshahara wa pale. Lakini tusidanganyane. Hatua ya kwanza inayozungumzwa kule Turkana ni mapipa 20,000 kwa siku. Kenya hutumia zaidi ya mapipa laki moja kwa siku. Hata yote yangesafishwa hapa, bado sehemu kubwa ya mafuta yetu ingeletwa na meli. Na mwenye pipa la Turkana hatakuuzia kwa bei ya ujirani, atauza kwa bei ya soko la dunia. Nigeria imechimba mafuta tangu miaka ya 1950 na raia wake wamepanga foleni za petroli miaka nenda miaka rudi. Mafuta kuwa chini ya ardhi yako ni jambo moja, bei kwenye pampu ni jambo jingine.

Sasa bei inatoka wapi? Hapa ndipo tunaomba kila mwanachama asome polepole, na amsomee jirani.

EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. Ndani ya bei hiyo kuna gharama ya kununua na kuleta mafuta, kuna faida ya wauzaji, na kuna kodi. Ushuru wa matengenezo ya barabara ni shilingi 25 kwa lita. Ushuru wa maendeleo ya petroli ni shilingi 5.40. Hizo mbili tu ni shilingi 30.40 kwa kila lita, kabla hatujagusa ushuru wa bidhaa na VAT. Mama anayepikia mafuta taa ameongezewa nyingine ya shilingi 18 kwa lita tangu 2018, eti ili watu wasichanganye mafuta taa na dizeli. Mwizi wa kuchanganya mafuta ana lori. Anayelipa ni mwenye stovu.

Kodi hizi hazikutoka Turkana. Zina tarehe.

Septemba 2022, siku moja baada ya Rais Ruto kuapishwa, ruzuku ya petroli iliondolewa, na bei ya Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Julai 2023, Sheria ya Fedha aliyoitia saini yeye mwenyewe ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217.36. Baadaye ilishuka shilingi ilipopata nguvu mwaka 2024, na wakajipigia makofi. Kisha tukaona la Julai 2024, ambalo tawi hili halitalisahau. Vijana waliandamana nchi nzima mwezi Juni, wengine wakauawa, Rais akaurudisha Mswada wa Fedha akasema amewasikia. Wiki tatu hazijaisha, makaburi mengine bado mabichi, ushuru wa barabara ukapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Haukuhitaji mswada. Ulihitaji notisi ya gazeti la serikali tu.

Dereva wa tuktuk anayetumia lita 5 kwa siku, shilingi 7 zile ni shilingi 35 kila siku ya Mungu. Akifanya kazi siku 26, ni shilingi 910 kwa mwezi. Ni pesa ya daftari na kalamu za mtoto. Kalamu iliyopandisha ndiyo inayoweza kushusha, leo jioni, bila kungoja pipa hata moja kutoka Lokichar.

Halafu kuna mkataba wa kuleta mafuta. Zamani makampuni yalishindana kwa zabuni ya wazi, mwenye bei nafuu analeta kwa niaba ya wote. Machi 2023 serikali iliuweka kando utaratibu ule, ikaingia mkataba na Saudi Aramco, ADNOC na ENOC wa kuletewa mafuta kwa mkopo wa siku 180. Sababu iliyotolewa ni uhaba wa dola, na ni kweli dola zilikuwa adimu wakati ule, hilo hatulikatai. Lakini mkopo hauui deni, unalisogeza mbele tu, na anayekukopesha siku 180 hakukopeshi bure. Hazina ya Kitaifa yenyewe iliiambia IMF kwamba inakusudia kujiondoa. Badala ya kujiondoa, mkataba ukaongezwa hadi 2028. Uganda, iliyokuwa ikinunua kupitia makampuni yetu, ilichoka: Museveni alilalamika hadharani mwaka 2023 kuhusu madalali, na mwaka 2024 shirika lake la mafuta likaanza kuagiza lenyewe, kupitia bandari hii hii yetu. Jirani amemkimbia dalali. Sisi tumemwongezea miaka.

Na msomaji makini ataona jambo jingine. Gulf Energy ni miongoni mwa makampuni ya hapa nchini yaliyoteuliwa kushughulikia mafuta ya mkataba huo. Mwaka 2025, Tullow ilipoamua kuondoka Kenya, iliuza mali yake ya Turkana kwa kampuni iliyo na uhusiano na Gulf Energy hiyo hiyo, kwa angalau dola milioni 120. Hatusemi kuna kosa la sheria. Tunasema kwamba nchi ambayo mlango wa kuingiza mafuta na mlango wa kuyatoa umeanza kuelekea nyumba moja, inastahili Bunge lenye macho mawili na masikio mawili.

Hapo ndipo lilipo swali la kweli la mafuta ya Turkana, lile ambalo wapiga kelele za bei wanatuvusha haraka tusilione. Swali ni nani analipwa kwanza.

Mkataba wa mafuta hauanzi kwa kugawana faida. Unaanza kwa kampuni kurejesha gharama zake: za kutafuta, za kuchimba, za mitambo, za bomba. Kinachobaki ndicho kinagawanywa. Chukueni mfano tu, si hesabu ya mkataba wenyewe. Yametoka mapipa 100. Kampuni inachukua 60 ya gharama. Yamebaki 40, serikali inapata nusu, yaani 20. Sheria ya Petroli ya 2019 inasema fungu hilo la serikali ligawanywe: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya pale mafuta yanapotoka. Kwa hiyo kati ya mapipa 100 yaliyotoka kwenye malisho ya mfugaji wa Turkana, kaunti yake imepata manne, na kijiji chake pipa moja. Pandisha kiwango cha gharama, na lile pipa moja linapungua. Ndiyo maana tunataka kujua kiwango hicho kimeandikwa ngapi, nani amezikagua gharama tangu 2012, na nini kimebadilishwa kwenye mikataba tangu mali ilipouzwa.

Kuna anayeuliza: Turkana ni mbali, sisi watu wa Pwani inatuhusu nini?

Ulizeni Kwale. Titani ilianza kusafirishwa kupitia Likoni mwaka 2014. Sheria ya Madini ya 2016 ikaahidi asilimia 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Watu wa Msambweni waliohamishwa kupisha mgodi walisubiri mgao huo miaka na miaka, meli zikija zikijaa zikiondoka. Desemba 2024 uchimbaji ukafungwa kwa kuwa madini yamekwisha. Mchanga umekwenda, mashimo yapo. Aliyekwenda Kwale akaona, hawezi kuambiwa kwamba sheria nzuri inatosha. Turkana wana sheria kama waliyokuwa nayo Kwale, tena yao ya jamii ni asilimia 5, si 10. Tukinyamaza kwa ajili yao leo, tumekubali kwamba mambo yaende hivyo hivyo siku Lamu au Kilifi patakapopatikana kitu.

Tunaambiwa tunapinga maendeleo. La. Mafuta yale yachimbwe. Vijana wa Turkana wapate kazi, barabara ya Lokichar ijengwe, bomba lipite hadi Lamu kama lilivyopangwa tangu siku Uganda ilipokuwa bado nasi, kabla ya kutuacha mwaka 2016 na kuchagua Tanga. Tunachopinga ni kuuziwa mafuta ya Turkana kama dawa ya bei ya petroli, ili tukija 2027 tuwe bado tunasubiri, tusiulize kuhusu VAT, tusiulize kuhusu shilingi 25, tusiulize kuhusu mkataba wa 2028. Rais asiye na jibu la leo anatupa ahadi ya kisima.

Kwa hiyo kamati imeamua haya.

Katiba, kifungu cha 71, inataka mikataba mikubwa ya rasilimali za asili iidhinishwe na Bunge. Mbunge wetu ana kura moja. Tutamwandikia barua ya tawi kumtaka aseme, kabla ya kura yoyote kuhusu mafuta ya Turkana, kama amesoma kiwango cha kurejesha gharama, na anakubaliana nacho au la. Tunamtaka pia adai mikataba pamoja na marekebisho yake yatolewe kwa Kiswahili, si muhtasari wa kurasa mbili. Katika mjadala wa bajeti, tunamtaka adai VAT ya mafuta irudi asilimia 8, ushuru wa barabara urudi shilingi 18, na ile shilingi 18 ya mafuta taa iondolewe. Akikataa, aje atueleze uso kwa uso, tutamsikiliza kwa adabu.

Wanachama wenye vyombo vya usafiri: wekeni risiti za mafuta za mwezi mmoja. Tunataka hesabu zetu wenyewe, za tuktuk za Magongo na matatu za Mikindani, tukaziweke mezani mbele yake. Mpeni katibu wa kituo chenu, atazipiga picha na kuwarudishia.

Wenye sauti za kusambaza, sambazeni na hii. Mwenye pingamizi alete kwenye kikao cha tawi, Jumamosi baada ya alasiri, mahali petu pa kawaida. Ajenda ni moja, barua kwa Mbunge. Nakala itasomwa kwa sauti na kurekebishwa pale pale kabla ya kutiwa saini.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi kwa niaba ya Kamati.*